Spidi Ikipanda, Ufunguo Nao Unapanda

Habari za jioni. Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Wadogo zangu, poleni na foleni, najua kuna waliotoka Mbagala na kuna waliotoka Bunju, na wote mmefika na hedifoni shingoni. Nimefurahi sana kuwaona.

Nimekuta kwenye ratiba mada yangu, namna DJ anavyochanganya nyimbo za deep house, lile tawi la muziki wa hausi, imekatwa vipande viwili: kwanza kulinganisha spidi, halafu baada ya chai, kulinganisha ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Naomba waandaaji waniwie radhi, nitaviunganisha, maana vikitenganishwa havieleweki. Sauti ni mtikisiko, na noti ni hesabu ya mitikisiko kwa sekunde. Ukiharakisha santuri, huharakishi mdundo peke yake. Mwimbaji naye anatikisika haraka zaidi, kinanda vilevile, besi vilevile. Kila kitu kinapanda. Aliyejifunzia kwenye kompyuta anakuta vitufe viwili mbalimbali, kimoja cha spidi na kingine cha ufunguo, akadhani Mungu ndivyo alivyoviumba. Sivyo. Vilitenganishwa na programu, na nitawaeleza baadaye tunalipa nini kwa utengano huo.

Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga mbele ya watu, nilipewa saa moja kwenye ukumbi fulani wa ufukweni. Nilikuwa na santuri chache, na kwa kuwa nimelelewa kwenye kwaya, kila moja nilikuwa nimeitafutia ufunguo wake kwenye kinanda na kuuandika kwa penseli kwenye ganda. Usiku ule nilikuwa na ngoma mbili, yaani nyimbo mbili, zenye maandishi yaleyale: A maina, maana yake wimbo unapumzika kwenye noti ya A. Moja ilikwenda mapigo 118 kwa dakika, nyingine 125. Nikajiambia, ufunguo ni mmoja, kilichobaki ni spidi tu. Ile ya 118 nikaisukuma juu kwa kitelezo cha spidi, karibu asilimia sita, mpaka madundo yakakaa pamoja kama miguu kwenye gwaride. Nikafungua sauti.

Mwanzoni palikuwa na midundo na matoazi tu, pakawa pazuri. Halafu besi ya ngoma iliyoingia ikaanza, juu ya besi ya ile iliyokuwa inacheza. Spika zikaanza kupumua. Wuu, wuu, wuu, wuu. Dada mmoja aliyekuwa anacheza mbele kabisa akasimama akainua macho kuitazama spika. Fundi wa mitambo akaja mbio akidhani koni imechanika, akapiga magoti akaishika kwa kiganja. Spika ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nimeziweka noti mbili mahali pasipowezekana kukaa mbili.

Hesabu yake niliifanya nyumbani siku ya pili, na naomba muiandike. Noti ya A ya chini kwenye besi inatikisika mara 55 kwa sekunde. Chukua 125 gawa kwa 118, unapata 1.059. Zidisha kwa 55, unapata kama 58.3. Hiyo si A tena. Ni B flati, nusu toni juu, yaani kitufe kinachofuata kwenye kinanda. Zikipigwa pamoja, 55 na 58.3, kuna tofauti ya mitikisiko mitatu na ushei kwa sekunde, na tofauti hiyo ndiyo ile wuu-wuu iliyomfanya fundi akimbie. Zinasaidiana, zinauana, zinasaidiana, zinauana, mara tatu kila sekunde. Penseli yangu ilisema kweli kuhusu santuri ikiwa imetulia kwenye spidi yake. Ilikuwa haijui nitaisukuma.

Kwa hiyo kaeni na namba tatu kichwani. Asilimia sita ni nusu toni. Asilimia tatu ni robo toni, na hapo ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu ngoma yako haiko kwenye ufunguo wa zamani wala haijafika mpya, haipatani na kinanda chochote duniani. Chini ya asilimia mbili sikio la mchezaji husamehe. Ukitoa 120 ukaipeleka 122 umesogea asilimia moja na nusu hivi. Besi zitayumba polepole, kama mara moja kwa sekunde, na kwa mchanganyiko mfupi hakuna atakayegundua. Kwa mchanganyiko mrefu, mimi nitagundua, na nyinyi nataka mgundue.

Sasa, kwa nini deep house ndiyo inayotusumbua hivi? Mbona anayepiga bongofleva anakata wimbo mmoja na kutupia mwingine na watu wanashangilia? Kwa sababu sisi tunaziacha ngoma mbili ziishi pamoja. Kwenye mapigo 122 kwa dakika, vipimo 64 vya mapigo manne manne ni dakika mbili na sekunde sita. Dakika mbili nzima ngoma mbili zimo chumba kimoja, zinakula sahani moja. Ukikata haraka, mgongano wa nusu toni unapita kama gari barabarani. Ukichanganya kwa dakika mbili, mgongano huo ndio wimbo wenyewe watu wanaousikia.

Na kuna la pili, linalotokana na asili ya muziki huu. Hausi ilizaliwa Chicago, na jina lake linasemwa limetoka kwenye ukumbi wa The Warehouse uliofunguliwa mwaka 1977, alikokuwa akipiga Frankie Knuckles. Miaka ya katikati ya 1980, mjini humohumo, Larry Heard, aliyewahi kuwa mpiga ngoma kwenye bendi, akakaa na kinanda na mashine ya midundo akatuletea kitu kingine: chodi za jazi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, pana, zenye huzuni tamu, juu ya dundo lisilokoma. Chodi ya kawaida ina noti tatu. Zile za deep house zina nne, tano. Chukueni la-do-mi-so, chodi inayopendwa kuliko zote kwenye muziki wetu. Noti zikiwa nyingi hivyo, kila ngoma unayoileta juu yake ina noti nyingi za kugombana nazo. Dundo tupu halina ugomvi na mtu. Ukishaweka chodi ya noti tano, umeweka masharti matano.

Ndugu zetu wa Afrika Kusini wamelichukua jambo hili wakalifanya la kwao kabisa, mpaka Black Coffee, mzaliwa wa Durban, akatwaa Grammy mwaka 2022. Sikilizeni wanavyoziacha chodi zikae. Hawana haraka. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu kilichomo chini yake kimepatana.

Twende kwenye gurudumu. Najua wengi mnalijua lile gurudumu la Camelot kwenye programu zenu, mchoro wa funguo zote, namba 1 hadi 12, kila namba na A ya maina na B ya meja. Mnaambiwa: kutoka 8A nenda 8A, au 7A, au 9A, au 8B. Mnatii. Lakini nikiuliza kwa nini, chumba kinanyamaza. Naomba niwaulize hivi: nani humu amewahi kuimba kwaya? Inueni mikono. Mnaona, zaidi ya nusu. Basi nyinyi mnalijua gurudumu hili tangu mkiwa watoto, ila lilikuwa na majina mengine.

8B ni C meja: do iko C, na wimbo unarudi kupumzika kwenye do. 8A ni A maina: noti ni zilezile saba, do re mi fa so la ti, ila wimbo unarudi kupumzika kwenye la. Nyumba moja, vitanda viwili. Ndiyo maana zinapatana. Tena ile la-do-mi-so niliyoitaja ina do-mi-so ndani yake; A maina ya deep house imebeba C meja mgongoni. Ukitoka 8A ukaenda 8B kwenye muziki wetu, mara nyingi msikilizaji anahisi tu kama mtu amefungua dirisha.

Ukitoka 8A kwenda 9A, unakwenda E maina. Noti sita ni zilezile, moja tu imebadilika: fa imepanda nusu toni ikawa fi. Mwalimu wenu wa kwaya alipowaambia "hapa wimbo unahama," na sauti ya tatu wakaimba fi, ndicho kilichokuwa kinatokea. Ukienda 7A, D maina, ti inashuka inakuwa ta. Noti moja tu tena. Kwa hiyo jirani kwenye gurudumu maana yake ni noti moja ya kugombana. Hatua mbili, noti mbili. Hatua saba mbele, ambazo ukizunguka kwa nyuma ni tano, ni ile nusu toni yangu ya ufukweni: 8A yangu ilikuwa imegeuka 3A bila mimi kujua, na noti zinazokubaliana kati ya 8A na 3A ni mbili tu kati ya saba.

Ukilielewa hivyo, hutalitumikia gurudumu kama mtumwa. Utajua kwamba kama ngoma inayoingia ina vipimo 32 vya midundo na matoazi matupu, basi kwa dakika moja nzima ufunguo wake hauna kazi, changanya unavyotaka. Utajua kwamba ukifunga besi ya ngoma inayoingia kwenye miksa mpaka ile ya zamani iondoke, umeondoa ugomvi mkubwa kuliko wote, kwa sababu besi mbili hazipatani hata zikiwa ufunguo mmoja. Na utajua pia kwamba saa mbili nzima za 8A zinachosha. Nimesikia vijana wenye mpangilio usio na kosa hata moja la ufunguo, na ukumbi umelala. Wamepatanisha kila kitu isipokuwa watu. Mimi napenda kukaa kwenye ufunguo mmoja ngoma tatu, nne, halafu kuhama hatua moja, na mara moja au mbili kwa usiku kuvuka kwenda upande wa B ili watu wavute pumzi. Ule mtindo wa kuruka nusu toni juu ghafla ili kuamsha ukumbi siupendi kwenye deep house. Uacheni kwa muziki unaokata.

Kuhusu programu zinazosoma ufunguo, kama Mixed In Key na wenzake, zitumieni. Mimi nazitumia. Lakini jueni zinavyokosea. Zikikosea hatua moja, 8A ikasomwa 9A, au 8A ikasomwa 8B, hasara ni ndogo kwa sababu ni majirani. Zikisoma A maina kama A meja, 8A ikawa 11B, hapo utaumia. Na deep house inazichanganya sana, kwa sababu watunzi wetu hupenda kuchukua chodi moja nzima, wakaisogeza juu na chini ikiwa na umbo lilelile. Chodi ikisogezwa hivyo inabeba noti za nje ya ufunguo, programu inababaika. Dawa ni dakika mbili za kinanda. Weka ngoma, tafuta noti ya besi inayokufanya uhisi wimbo umefika nyumbani. Hiyo ndiyo la yako au do yako. Andika.

Halafu kuna jambo la kwetu, na hili nalisema kwa uchungu kidogo kwa sababu naona linaharibiwa. Vijana wengi sasa wanachukua sauti za taarab ya zamani ya Unguja, fidla, kanuni, nai, wanaziweka juu ya dundo la hausi. Wazo zuri sana. Lakini programu ile ina funguo 24 tu: meja 12 na maina 12. Taarab ya asili imekulia kwenye maqam, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Kwenye maqam ya Rast, mi haikai mahali pa mi ya kinanda. Iko chini kidogo, katikati ya meja na maina. Programu haina sanduku la kuiweka, kwa hiyo italazimisha moja ya yale 24, na wewe utaamini. Halafu unaweka chodi ya maina chini ya fidla ya Rast, na fidla inasikika kana kwamba mpigaji hajui. Mzee wa watu alijua vizuri sana! Wewe ndiye uliyemwekea kinanda kinachombishia.

Mkiwa na sauti ya namna hiyo, acheni chodi. Mpeni fidla besi ya noti mbili tu, do na so, basi, na midundo. Do na so hazimwambii mi akae wapi. Kwa Hijaz, maqam nyingine, kuna nafuu, kwa kuwa hatua zake zinakaribiana na za kinanda, ingawa kuna lile pengo lake pana la toni moja na nusu. Mkiweka chodi, chagueni noti zilizomo kwenye wimbo wenyewe, msiongeze.

Nirudi kwenye spidi. Kwa nini nawasumbua na desimali? Chukua ngoma mbili, moja 122, nyingine 122.1. Tofauti ya sehemu moja ya kumi, nani ataijali? Baada ya vipimo 32, dakika moja tu, madundo yameachana kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Sikio linasikia hiyo. Dundo linaacha kuwa du, linakuwa drru. Ukiacha dakika ya pili, ni kwato za farasi. Kwa hiyo mkono usitoke kwenye sahani. New York mwishoni mwa miaka ya 1960 Francis Grasso alianza kazi hii akiishika santuri kwa mkono mpaka dundo lifike ndipo aiachie. Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 ikatupa kitelezo, asilimia nane juu na nane chini. Leo kuna kitufe cha kulinganisha chenyewe. Simlaumu anayekitumia. Ninachotaka ni muangalie gridi kwanza, ile mistari ambayo programu inachora kuonyesha mapigo yalipo, kwa sababu kitufe kinaamini gridi, na gridi ikiwa imewekwa kwenye makofi badala ya dundo, kitakulinganishia kosa kwa usahihi mkubwa.

Na kama unataka kuingiza muziki wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania, sahau gridi iliyonyooka. Bendi zile hazikupiga na saa. Zinaanza taratibu, mwimbaji anaeleza shida zake, kisha chemko linafika na kila mtu anapanda, mpiga drama anawabeba wote. Spidi yao inapumua. Itabidi uweke alama kipimo kwa kipimo, au ukate sehemu ya chemko peke yake. Na kwa kuwa ni tepu, ufunguo nao huenda uko kati ya noti mbili; isogeze asilimia moja au mbili, ukisikiliza kinanda, mpaka ikae. Mnaona? Hapo tena spidi na ufunguo vimerudi kuwa kitu kimoja.

Niwape na zawadi ndogo, wana wa Dar. Singeli inayokwenda mapigo 240 kwa dakika ni mara mbili kamili ya 120. Mapigo mawili ya kule ni moja la huku. Ukiondoa madundo ya singeli ukabakiza sampuli ya kinanda au sauti ya MC, inakaa juu ya deep house ya 120 bila kusogeza chochote, na ufunguo haujaguswa. Nimefanya hivyo usiku wa manane, na sijawahi kuona watu wakifurahi namna ile.

Lile deni nililoahidi: kitufe cha kushikilia ufunguo, kile ambacho kwenye mashine za Pioneer kinaitwa Master Tempo. Kinavyofanya kazi, programu inakata sauti vipande vidogo sana, inavirudia au kuviruka, ili spidi ibadilike na noti zibaki. Kwa asilimia mbili tatu, safi. Lakini dundo ni kitu kimoja kinachopasuka mara moja. Ukilikata vipande na kulipanga upya, linapoteza makali. Kwa asilimia nane, kwenye spika kubwa, dundo linasikika kama limefungwa kitambaa, na matoazi yanachuruzika. Kwenye hedifoni chumbani kwako hutasikia. Ukumbini utasikia.

Kwa hiyo msiruke. Kutoka amapiano ya 113 kwenda deep house ya 122 ni asilimia nane. Usimpe wimbo mmoja mzigo wote. Nyimbo nne za katikati, kila moja ipande mapigo mawili tu, 115, 117, 119, 121, kila moja isisogezwe zaidi ya asilimia mbili kutoka kwake. Ukizipanga hivyo hata kitufe kile hukihitaji. Wacheza hawatajua wamepandishwa. Watashangaa tu wanatokwa jasho.

Nimesema vya kutosha. Pale mezani nimeweka mashine mbili, na kitufe cha kushikilia ufunguo nimekizima kwa makusudi. Kushoto kuna ngoma ya 118, 8A. Kulia kuna ya 125, 8A. Mtu wa kwanza aje azichanganye kama zilivyo, tusikie spika zikipumua. Wa pili atuambie ni ngoma ipi kwenye boksi lile, ya namba gani na spidi gani, angeiweka katikati. Wewe dada mwenye fulana ya njano, uliyeinua mkono wa kwanza nilipouliza kuhusu kwaya, njoo uanze.